Mbwa Mzee Hana Ujeuri

Hotuba hii niliitoa tarehe 28 Septemba, chini ya mwembe wa shule, mtaani kwetu Barani, Malindi, siku tuliyoleta mbwa kuchanjwa. Waliokosa kufika wameniomba maneno yote, nayo ni haya.

Asalaam alaykum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Nanyi mlioshika kamba, achianeni nafasi kidogo, kivuli kinatutosha sote.

Leo mmekuja kwa ajili ya sindano, na mmefanya vyema. Tarehe hii ulimwengu mzima unakumbushwa kichaa cha mbwa, kwa kuwa ndiyo siku aliyofariki Louis Pasteur, yule Mfaransa aliyemchanja mtu kwa mara ya kwanza dhidi ya ugonjwa huu mwaka 1885. Kenya nayo imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2030 asife mtu tena kwa kuumwa na mbwa mwenye kichaa. Sindano zinaendelea pale mezani. Mkiwa kwenye foleni, mimi nimeombwa niseme nanyi, na sitasema juu ya kichaa. Nitasema juu ya jambo ambalo watu hunifuata nalo nyumbani jioni, wakiniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayefichua aibu ya ukoo.

"Mama, mbwa wangu amezeeka. Siku hizi anakojoa ndani. Nifanyeje?"

Nawajibu, lakini nawajua. Wengi wakiuliza "nifanyeje" wameshaamua. Wanataka niwape ruhusa. Kuna waliokwisha kumpakia mbwa kwenye tuktuk usiku, wakavuka naye daraja la Sabaki, wakamshusha gizani na kurudi. Mbwa aliyelinda mlango wako miaka kumi! Huyo aliyeachwa kule hatachanjwa tena. Ataumana na wengine jalalani, na siku moja ataumwa na mwenye kichaa, kisha tutakutana tena chini ya mwembe huu tukilia mtoto wa mtu. Kwa hiyo msidhani ninayoyasema hayahusiani na kilichotuleta.

Nataka leo mwondoke na neno moja: mbwa mzee hana ujeuri. Mbwa aliyefunzwa kwenda haja nje akiwa mdogo, akaishika adabu hiyo miaka minane, miaka kumi, haamki asubuhi moja akaamua kukutia adabu wewe. Hana kisasi hicho. Akianza kuchafua ndani uzeeni, basi kuna maradhi, au kuna maumivu, au kuna kusahau. Mara nyingine yote matatu kwa pamoja.

Nianze na langu, ili msione nawasuta.

Nimefanya kazi ya afya ya mifugo miaka ishirini na saba, kuanzia Mambrui hadi Gede. Nyumbani kwangu alikuwapo Bobi. Alipofika miaka kumi na mmoja akaanza kukojoa usiku mlangoni pa jikoni, kwa ndani. Siku ya kwanza nilipiga deki nikanyamaza. Siku ya pili nikamkaripia. Siku ya tatu nikamshika shingo nikamsukuma pua kwenye ule mkojo, kama nilivyowaona wakubwa wakifanya nilipokuwa mtoto. Kisha nikamtoa nje nikafunga komeo. Ilikuwa Aprili, masika imepamba moto. Alilala chini ya mkokoteni usiku kucha, maji yakimpita tumboni, wala hakubweka kuomba kufunguliwa.

Nayasema haya mbele yenu kwa sababu yananiuma mpaka leo. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha watu.

Aliyenifumbua macho hakuwa daktari. Walikuwa sisimizi. Siku moja baada ya adhana ya alfajiri naingia jikoni na tochi, nauona mstari mwembamba mweusi umetoka kwenye ufa wa ukuta, umeikata sakafu nyekundu ya saruji, umekwenda moja kwa moja hadi kwenye dimbwi la Bobi. Pale wamelizunguka ukingoni, vichwa vimeelekea ndani, kama watoto waliokaa kuzunguka sinia ya pilau. Nikachuchumaa nikiwatazama mpaka chai ikafurika jikoni. Bibi yangu alikuwa akituambia, mkojo unaoita sisimizi una sukari.

Sasa mambo yakaanza kujipanga kichwani. Bakuli lake la maji lilikuwa likiisha mara mbili kwa siku, nami nikisema ni joto. Alikuwa akila chakula chote na kulamba sufuria, na huku mbavu zinahesabika. Kunywa sana, kukojoa sana, kula sana, kukonda. Yote manne niliyaona kwa macho yangu, na hata siku moja sikuyaweka pamoja, maana nilikuwa nimeshughulika na kukasirika.

Nikachukua upawa wa zamani, nikaufunga kwenye ufito, nikatoka naye kabla ya jua. Alipoinua mguu kwenye mnazi nikausogeza taratibu kutoka nyuma, asishtuke, nikapata kiasi cha kikombe cha kahawa. Kijikaratasi cha kupimia kilikuwa na rangi ya maji ya bahari; nikakichovya, kikageuka kahawia nikiwa nakitazama. Daktari wa mifugo akapima na damu. Sukari. Tukaanza insulini, asubuhi na jioni, kila mara baada ya kula, kwa saa zile zile. Wiki ya nne sakafu ya jikoni ikawa kavu. Bobi akaishi mwaka mmoja na nusu zaidi.

Niwaulize. Kusukumwa pua kwenye mkojo kungemwondolea sukari? Kufungiwa nje kwenye mvua kungemponya? Mnatikisa vichwa. Lakini wangapi kati yetu tumefanya hivyo? Sitaki muinue mikono. Mbwa ukimpiga asubuhi kwa alichokifanya usiku haelewi anapigiwa nini. Anachojifunza ni kukuogopa wewe, na akikuogopa ataficha. Atakwenda kukojoa nyuma ya kabati, chini ya kitanda, mahali usipopaona. Na mbwa kwa asili yake ni mficha maradhi. Waliotutangulia walisema mficha maradhi kilio humfichua. Dimbwi lile la sakafuni ndicho kilio chake. Usikinyamazishe kwa fimbo.

Basi ukilikuta, kabla hujashika ndoo, tazama kwanza. Liko wapi? Limekuja wakati gani? Ni kubwa kiasi gani? Wapi, lini, kiasi gani. Mnirudishie: wapi, lini, kiasi gani. Haya.

Nianze na kiasi, kwa kuwa ndicho kinachosema mengi.

Dimbwi kubwa, mkojo mweupe kama maji, hauna hata harufu kali: huyo anakunywa kupita kiasi. Inaweza kuwa sukari, inaweza kuwa figo zimechoka, inaweza kuwa tezi imeharibika. Mpime maji anayokunywa. Hii haihitaji hospitali. Chukua chupa ya lita moja ya mafuta ya kupikia, ioshe. Jaza bakuli kwa chupa hiyo ukihesabu, na baada ya saa ishirini na nne pima kilichobaki. Mbwa mzima hunywa kama mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Akipita mililita 100 kwa kilo, kuna jambo. Mbwa wa kilo 20 anayemaliza zaidi ya lita mbili kwa siku apelekwe akapimwe. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, jua likichoma, wote huongeza kidogo, lakini si kuongeza hivyo.

Na hapa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu huua mbwa wakidhani wanasaidia. Usimnyime maji. Usimwondolee bakuli usiku ili sakafu isilowe. Mbwa mwenye figo mbovu anakunywa kwa sababu anapoteza. Ukimfungia maji, kwa joto hili la kwetu, unaweza kumkuta amezimika. Bakuli libaki limejaa. Unachobadilisha ni saa za kumtoa.

Kikiwa ni vitone vitone, huku kidogo na kule kidogo, anachuchumaa kila mara na kujikakamua, pengine mkojo una damu au unanuka vibaya, basi kibofu kina maambukizi, au mna mawe ndani. Hilo lina dawa. Dume mzee asiyehasiwa tezi dume yake huweza kuvimba naye akasumbuka vivyo hivyo. Lakini dume anayejikakamua na hakitoki kitu kabisa, huyo usimngojee kesho. Mpeleke sasa hivi.

Na mkojo wa rangi ya chai ya turungi? Hapa pwani, fikiria kupe. Kupe wetu wanaleta ugonjwa unaovunja damu, na damu iliyovunjika hutoka kwa mkojo. Angalia ndani ya masikio, katikati ya vidole, angalia fizi kama zimekuwa nyeupe. Huyo naye ni wa siku hiyo hiyo.

Kuna jambo dogo nilipitishe haraka: dawa. Yupo aliyekuja kwangu akilia na mbwa anayelowesha baraza zima, na nilipouliza anameza nini, akanitolea vidonge vya predinisoloni alivyopewa kwa ajili ya kuwashwa ngozi. Vidonge hivyo huleta kiu na mkojo mwingi. Ukiona hivyo rudi kwa aliyekuandikia. Usivikatize ghafla kwa uamuzi wako, ni hatari.

Sasa lini. Huko nyuma nilipigiwa simu na mlinzi wa nyumba moja ya kifahari upande wa Casuarina. Wenyewe wako Ulaya miezi saba ya mwaka, mbwa ni wake yeye na usiku wake. Jike kubwa, miaka tisa, kizazi kimefungwa tangu zamani. Mlinzi anasema, "Mama, nimeambiwa kwenye simu kwamba huyu ni mvivu, hataki kuinuka kwenda kukojoa, nimwache alale kwenye saruji mpaka ashike adabu." Nikamuuliza, umewahi kumwona akikojoa pale anapolala? Akasema, "Hapana. Mchana anatoka vizuri, anachuchumaa kwenye nyasi kama kawaida. Lakini akiinuka usingizini, godoro limelowa, na mkia umelowa, naye anageuka analinusa kama anayeuliza nani kafanya hivi."

Kama anayeuliza nani kafanya hivi. Kijana yule hakusoma udaktari wa mifugo, lakini alikuwa ameshapima ugonjwa wote kwa kutazama tu. Huyo jike hakuwa akikojoa; alikuwa akivuja. Msuli unaofunga njia ya mkojo hulegea, hasa kwa majike makubwa waliofungwa kizazi, na mwili ukilegea usingizini, mkojo unapita wenyewe bila yeye kujua. Zipo dawa za kuukaza msuli huo. Daktari hutumia fenilipropanolamini, au estrioli. Mbwa yule alipewa, na baada ya siku chache godoro likaamka kavu. Kijana yule ninamwona yuko hapa leo, na mbwa wake. Inuka, mwanangu, wakuone. Mpigieni makofi.

Nisiwadanganye, si wote wanaokauka. Ambaye hakauki, tunamsaidia kuishi navyo. Mjengee kitanda cha kamba, kile cha kwetu, kifupi, cha kuinuka shubiri moja tu kutoka chini, kamba zisukwe kwa mwachano. Mkojo unapita chini, yeye anabaki juu mkavu. Tandika juu leso kuukuu, mbili au tatu, unabadilisha na kufua. Ni bora mara kumi kuliko godoro la sponji linalonyonya na kunuka wiki nzima. Nepi ukimvisha, usimwache nayo mchana kutwa. Mkojo unaunguza ngozi ya mapajani na tumboni, na hapa kwetu nzi hawangoji: jeraha la asubuhi, jioni lina mayai ya nzi, na siku ya pili lina funza. Nimewatoa funza mbwa walio hai, kwa koleo ndogo, mmoja mmoja, na harufu ile huisahau. Mwoshe kwa maji ya uvuguvugu, mkaushe kabisa, punguza manyoya ya nyuma kwa mkasi, mpake mafuta mazito ya mgando ngozi isiloweke.

Wapi. Hapa nina kisa cha mzee mmoja wa Muyeye, mvuvi, aliyejenga nyumba ya ghorofa kwa jasho lake na watoto wake wakamtilia taili kila mahali, hata ngazini. Nzuri, zinang'aa kama kioo. Mbwa wake, dume la miaka kumi na mbili, alizoea kulala juu rosheni, karibu na mlango wa mzee. Miezi michache baada ya taili, mkojo ukaanza kuonekana ngazini. Si juu, si chini: ngazi ya tatu, ngazi ya nne. Kila alfajiri. Mzee akawa anasema, "Huyu anafanya makusudi, ananikojolea katikati ya njia yangu nikienda msikitini."

Nikamwambia, nionyeshe anavyoshuka. Tukasimama chini tukamwita. Alikuja mpaka ukingo wa juu, akatazama chini, akarudisha mguu. Akajaribu tena. Mguu wa mbele ukateleza kwenye taili, kucha zikakwaruza, akaketi kwenye ngazi ya kwanza akitetemeka mapaja. Akashuka ngazi nyingine kwa makalio. Na nyingine. Ya nne akasimama, hawezi kwenda mbele wala kurudi, na hapo hapo, tukimtazama, mkojo ukamtoka.

Mzee yule alikaa chini kwenye jamvi. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akasema, "Kumbe alikuwa anajaribu kwenda nje."

Alikuwa anajaribu kwenda nje! Kila usiku, miezi yote ile. Ni baridi yabisi ya nyonga na magoti, mwenzangu, ile ile inayokupata wewe ukitoka baharini wakati wa kusi. Tulifanya nini? Kwanza tukamhamishia chini, kwenye ukumbi wa nyuma. Kutoka anapolala hadi mlangoni tukatandika majamvi na magunia, nyayo zipate pa kushika. Pale kizingitini tukaweka ubao mpana uliotoka kwenye dau lililovunjwa, tukaupigilia gunia juu, ukawa mteremko. Daktari akampa dawa ya maumivu ya mbwa. Nasema ya mbwa. Msimpe zile za kwenu, msimpe ibuprofeni, msimpe diklofenaki; zinatoboa tumbo na kuua figo. Watu wananiletea mbwa anatapika damu na wananiambia "nilimhurumia tu."

Na ratiba. Mbwa mzee hawezi kubana kama kijana. Mtoe mara tu anapoamka, mtoe baada ya kula, mtoe kabla hujalala, na kama una mlinzi, saa nane usiku amtoe mara moja. Mtoe kwa kamba, nenda naye mpaka pale pale anapopajua, mngojee amalize, kisha msifu kama ulivyomsifu akiwa mtoto. Ni kweli mnaanza upya. Mbwa mzee anafundishika. Anachohitaji ni wewe uwe na subira aliyokuwa nayo alipokungoja langoni miaka yote hiyo.

Kusahau ndiko kunakonipa huzuni zaidi. Mama mmoja wa huku Barani, mjane, alinijia akasema mbwa wake anasimama mlangoni akitaka kutoka, anamfungulia, na mbwa hatoki. Nikaenda kuona. Mlango ulifunguliwa, upepo ukaingia, na mbwa amesimama upande wa bawaba. Si upande unaofunguka. Upande wa bawaba, pua imegusa ukuta, anangoja ukuta umfungulie. Miaka kumi na mitatu ameupita mlango ule. Usiku alikuwa akizunguka nyumba nzima, mchana analala, na akitolewa uani alisahau alichotokea, akirudi ndani ndipo akakumbuka.

Mjane yule akanitazama akasema, "Ndivyo alivyokuwa marehemu mume wangu mwaka wake wa mwisho. Naye nilikuwa nikimshika mkono nikimpeleka." Sikuwa na la kumfundisha. Alichokuwa akimfanyia mumewe ndicho alichopaswa kumfanyia mbwa: usihamishe vitu ndani, acha taa ndogo ikiwaka usiku, mshike, mpeleke, kaa naye mpaka amalize, kisha mrudishe. Lakini kabla ya kusema "amesahau tu", apimwe yale mengine yote, maana kusahau hakuna kipimo cha mkojo. Hufikiwa baada ya mengine kuondolewa. Na mbwa aliyebadilika kwa ghafla, siku mbili tatu, anadondosha mate, anauma hovyo, sauti imebadilika, huyo si uzee. Msimsogelee. Toeni habari. Akimuuma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha hospitali bila kuchelewa.

Sasa kuna jambo ambalo majumbani linanong'onwa na hadharani halisemwi. Mimi ni Mkristo, lakini nimezaliwa na kukulia na majirani Waislamu, na nimekaa na ustadhi wa mtaani kwetu nikamuuliza ili nisiseme nisilolijua. Mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa shamba si vibaya kumfuga. Lakini mate yake na mkojo wake ni najisi nzito, na kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kati yake kwa udongo. Hiyo ndiyo ada ya wengi wetu hapa pwani, na inastahili heshima.

Sasa wewe una mbwa mzee anayelowesha sebule, na una dada wa Kiislamu anayekufanyia kazi za nyumbani. Unamwita, "Njoo upige deki." Unajua umemtwika nini? Ataswali vipi adhuhuri na kanga ile? Mimi nasema wazi: mwenye mbwa ndiye apige deki. Ndoo ya mbwa iwe mbali, kitambaa chake mbali, glavu ziwepo. Glavu ni za kila mtu, kwa kuwa mkojo wa mbwa huweza kubeba vijidudu vya leptospira, navyo humwambukiza binadamu. Nimeona nyumba ambamo mbwa alifukuzwa, na sababu haikuwa mkojo. Ilikuwa ugomvi wa nani atapangusa.

Kupangusa kwenyewe kuna njia. Nyonya kwanza kwa kitambaa kikavu au mchanga. Usianze kwa maji, unautandaza. Kisha osha. Kisha siki, kikombe kwa kikombe cha maji, iache dakika kumi, halafu suuza. Saruji inakunywa mkojo, na harufu ikibaki mbwa atarudi pale pale, kwa kuwa pua yake inamwambia hapo ndipo chooni. Ukipata dawa ya kusafishia yenye vimeng'enya, vile vinavyovunjavunja mabaki ya mkojo, ni bora zaidi. Kwenye terazo na marumaru usitie siki, inakula mng'aro, tumia sabuni. Na dawa ya klorini, ile ya nguo nyeupe, usiimwage juu ya mkojo mbichi wala usiichanganye na siki. Hewa inayotoka pale inakaba kifua. Mwenye pumu ndani ya nyumba ataumia.

Mtaniuliza, na mwisho je? Utafika. Bobi alipoacha kula, alipokuwa haamki tena hata nikimwinua kwa leso chini ya tumbo, nilimwita daktari. Nilikaa sakafuni, pale pale mlangoni pa jikoni, kichwa chake mapajani mwangu, sindano ya mwisho ikaingia. Alikojoa alipokuwa akienda. Sketi yangu ikalowa yote, na sikusogea.

Foleni naona imepungua. Pale kwenye meza ya pili nina vikopo safi, nina vijikaratasi vya kupimia, na huo upawa wangu nimeuleta. Mwenye mbwa wa zaidi ya miaka saba, aje naye baada ya sindano, na mkojo wa kwanza wa kesho asubuhi mnaweza kuniletea nyumbani kabla ya saa tatu. Ukikawia, uweke kwenye friji, umefunikwa vizuri. Wewe kijana mwenye fulana ya kijani, huyo wako umesema ana miaka mingapi? Kumi na minne? Mlete huku kivulini. Pole pole, usimvute. Mwache atembee mwenyewe.